Mashine ya msasa ya betri: hesabu ya chaji na mkono mwepesi

Seremala akishazoea drili ya betri hudhani mashine ya msasa ya betri itakwenda vilevile. Haiendi. Drili hufunga skrubu kwa sekunde mbili ikapumzika, lakini msasa ukiwashwa unasaga mfululizo mpaka uuzime, na chaji inashuka wakati wote huo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, piga hesabu.

Betri ya volti 18 yenye Ah 4 (ampea-saa, kipimo cha chaji) inabeba wati-saa 72, yaani 18 mara 4. Mashine yenye pedi ya duara ya milimita 125, ikisaga mbao ngumu bila kukandamizwa, ikadirie inakula wati 150 hivi. Gawanya: unapata chini kidogo ya nusu saa. Sasa chukua mlango wa sentimita 210 kwa 90. Mashine ikienda kwa mwendo unaofaa, sentimita 2 na nusu kwa sekunde, na kila mstari ukipanda nusu ya mstari uliopita, upande mmoja unakula kama dakika 20 kwa namba moja ya msasa (namba ndogo ni msasa mkali, kubwa ni laini). Namba tatu, pande mbili, ni saa mbili. Mlango mmoja tu umekwisha kumaliza betri nne. Chaja ndogo za ampea 2 zinazokuja na seti nyingi za bei nafuu hujaza betri ya Ah 4 kwa zaidi ya saa mbili, kwa hiyo mwenye betri mbili atafanya kazi karibu saa moja kisha atakaa kuzungumza na mteja.

Ndiyo maana kwa karakana yenye umeme, inayotoa milango na vitanda kila siku, maoni yangu ni nunua ya waya. Ya betri ina mahali pake: kwenye saiti ambako umeme haujafika, mikono ya ngazi, milango iliyokwisha kufungwa, kurekebisha kabati jikoni kwa mtu bila kuburuta waya sakafuni, na kupitisha msasa mwepesi kati ya koti moja ya sending sila (ile ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya vanishi) na nyingine. Huko ni tamu kweli.

Usihangaishwe na maandishi ya volti 20. Ndani ya betri hizo mna seli tano, au mistari ya seli tano tano, kila seli ikiwa na volti 3.6 za kawaida, jumla 18. Zikijaa kabisa hukaribia 21, na wauzaji wengine huandika 20. Ni daraja moja. Jambo la maana zaidi ni kama betri itaingia kwenye mashine zako nyingine. Ukiwa tayari na drili na grenda za Ingco, Total, Makita au nyingine yoyote, baki humo humo na ununue mwili wa mashine peke yake. Betri ndiyo ghali, na ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine. Kwa kazi ya wima, kama mlango uliosimama, tafuta pia betri ndogo ya Ah 2. Inaisha upesi, lakini kiganja hakichoki.

Kabla ya kulipia mashine, nenda kwanza dukani unakonunua vifaa uulize misasa ya duara ya milimita 125 yenye matundu 8, namba 80, 120, 180 na 240. Ikiwepo yote, chukua mashine ya ukubwa huo. Pedi ya milimita 150 inasaga eneo kubwa zaidi, lakini matundu yake hutofautiana kampuni kwa kampuni, na msasa ambao matundu hayalingani na ya pedi haupitishi vumbi. Vumbi lisipotoka linakaa katikati ya msasa na mbao, linapata moto, linaziba msasa.

Angalia pia upana wa mzunguko wa pedi, ule mchezo wake mdogo wa kwenda na kurudi. Nyingi za betri ni kati ya milimita 2.5 na 3, zinazofaa kumalizia. Mzunguko wa milimita 5 hula mbao haraka lakini unaacha mikwaruzo mikubwa zaidi. Kibadilisha mwendo ni lazima. Makita DBO180 ina hatua tatu, mizunguko 7,000, 9,500 na 11,000 kwa dakika. DeWalt DCW210 inakwenda kuanzia 8,000 hadi 12,000. Mwendo mkubwa ni wa mbao tupu, mdogo ni wa juu ya sila na vanishi, kwa sababu joto huzilainisha zikaganda kwenye msasa. Mota isiyo na kaboni (brushless) inastahili nyongeza ya bei, inabana chaji. Mfuko wa vumbi unaokuja na mashine haukamati vumbi jembamba lote. Afadhali mashine ambayo tundu lake linapokea mpira wa vakyumu. Soma pia kiwango cha mtetemo kwenye kitabu chake: sheria ya Ulaya, 2002/44/EC, inamtaka mwajiri achukue hatua kuanzia 2.5 m/s² kwa siku ya saa 8, na inakataza kupita 5.

Sasa mkono. Pedi ina miendo miwili. Ule wa kucheza kwa duara dogo unasukumwa na mota moja kwa moja. Ule wa kuzunguka nzima hausukumwi na kitu. Pedi imekaa juu ya beringi, inajizungukia yenyewe. Miendo hii miwili ikichanganyika, chembe za msasa hazirudii njia moja, na ndiyo maana mashine hii haiachi mistari kama ile ya mkanda. Ukikandamiza, kuzunguka kunakufa, kunabaki kucheza tu. Chembe zinarudia palepale na kuchimba vijiduara vilivyojikunja. Kwenye mbao kavu huvioni. Unaviona rangi au vanishi ikishaingia, mteja akiwa amesimama pembeni.

Chora mstari wa kalamu ya wino ubavuni mwa pedi. Ukiwa unasaga uone mstari ukizunguka taratibu. Ukisimama, umekandamiza, legeza mkono. Uzito wa mashine na wa mkono uliolala juu yake unatosha. Ukiona haili, msasa umekwisha, na kuongeza nguvu hakutaufufua: kunachosha mota, kunamaliza betri, na joto linayeyusha ndoano za velkro zinazoushika msasa kwenye pedi mpaka msasa unaanza kuruka. Kwenye mbao ngumu kama mninga au mkongo, msasa mmoja wa namba 80 kwa kawaida hukata vizuri dakika 10 hadi 15, basi. Anayebana misasa anaishia kununua pedi.

Weka mashine juu ya mbao kwanza, ndipo uwashe. Kuondoa, iinue ikiwa bado inazunguka, kisha uizime. Ikiwashwa hewani na pedi ikapata mbio za ajabu, mpira wa breki umelika: ule mpira mweusi unaogusa mgongo wa pedi. Pedi ya namna hiyo ikitua inachimba shimo. Badilisha mpira.

Mbao iliyotoka kwenye randa ya mkono anza nayo namba 120, kisha 180. Yenye alama za msumeno au za randa ya mashine anza 80, kisha 120, kisha 180. Usiruke kutoka 80 kwenda 180. Mitaro ya 80 ni mirefu kwenda chini, na 180 itang'arisha vilele vyake tu. Kabla ya kila namba chora mistari ya penseli ya kukatizana juu ya mbao nzima, saga mpaka ifutike yote, halafu futa vumbi. Usiache hatua hii ya kufuta, maana chembe moja ya 80 iliyobaki itaendelea kukwaruza chini ya msasa wa 180. Mwisho, mulika tochi kwa ubavu na upanguse kwa spiriti. Vijiduara vilivyojificha vitajitokeza mbao ikiwa bado imelowa spiriti. Malizia kwa mkono, namba ileile ya mwisho, kufuata nyuzi za mbao.

Pale msumeno ulipokata nyuzi, kwenye kichwa cha mbao, ongeza namba moja, la sivyo patakunywa rangi na kuwa peusi kuliko kwingine. Juu ya sila tumia 320 au 400, mwendo mdogo, pita mara moja. Plaiwudi anza 180: gamba lake la juu ni jembamba sana, na sekunde chache za 80 zinatosha kulitoboa. Usiilaze mashine ubavu kufuata pembe, kwa sababu ukingo wa pedi unachimba na velkro yake inakufa. Kona za ndani si kazi yake, wala mbao iliyopinda. Hiyo ni ya randa.

Paina yenye utomvu huziba msasa haraka, kwa hiyo tafuta ule wenye unga mweupe wa kuzuia kunata. Mvule una shida mbili: mawe ya chokaa ndani yake yanayoua msasa, na vumbi linalowasha ngozi na pua. Vumbi la mbao, la aina yoyote, lilitangazwa na IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, mwaka 1995 kuwa linasababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo vaa barakoa ya N95 au FFP2, si kitambaa. Rangi ya mafuta ya zamani usiisage kabisa, huenda ina madini ya risasi.

Betri iliyotoka kazini ikiwa moto iache ipoe kivulini kabla ya kuichaji. Nyingi hutakiwa kuchajiwa kati ya nyuzi 0 na 40. Na mfuko ukiwa na vumbi la mbao usisage msumari au bawaba. Cheche ikivutwa mle ndani itafuka polepole, na moto unaweza kuwaka ukiwa umeshafunga karakana.