Uliza kwanza gari litalala wapi

Ukiishi na kufanya kazi katikati ya Minneapolis, hapa jimbo la Minnesota, Marekani, basi na treni vinatosha kabisa, na sioni sababu ya kununua gari. Lakini wabeba boksi wengi tuko Brooklyn Park na Brooklyn Center, vitongoji vya pembeni, tunatunza wazee majumbani: huyu yuko Plymouth, yule Maple Grove, na shifti ya usiku inaisha saa moja asubuhi. Mitaa mingi ya huko basi haliingii. Januari, baridi ikishuka chini ya sifuri ya Fahrenheit (kama -18 za Selsiasi), kutembea maili mbili kwenye theluji ni hatari. Gari utanunua tu. Kinachobaki ni kuchagua lisilochafua hewa sana.

Vijana wanaoanza kazi huniuliza: la umeme au haibridi, lile lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja? Nami huwauliza, gari litalala wapi?

Kama umepanga apatimenti na unaegesha nje pasipo na soketi, gari la umeme litakutesa. Utategemea chaja za kulipia, ambazo kwa kawaida ni ghali kuliko umeme wa nyumbani, na utakaa hapo ukisubiri huku usingizi umekulemea. Wewe chukua haibridi iliyotumika. Prius ya kawaida ya Toyota hutembea maili 50 hivi kwa galoni na haichomekwi popote. Betri yake hujazwa na injini na kwa nguvu inayopatikana ukifunga breki. Kuanzia toleo la 2019 zipo zinazovuta kwa tairi zote nne, jambo kubwa kwenye theluji. Galoni moja ya petroli ikiungua hutoa karibu kilo 9 za kaboni dayoksaidi, uzito unaozidi petroli yenyewe, maana kaboni yake hujiunga na oksijeni ya hewani. Kwa mtu wa maili 50 kwa siku, hizo ni kilo 9. Akiwa na pikapu kubwa inayotumia galoni kwa maili 20, zinazidi kilo 20, na ndani yumo peke yake! Hilo huniuma kila nikiangalia foleni ya asubuhi.

Mimi nina banda la gari lenye soketi, kwa hiyo nilinunua gari la umeme, Chevrolet Bolt iliyotumika. Soketi ya kawaida ya volti 120 huniongezea maili nne hivi kwa saa, pungufu kidogo baridi ikikaza. Nikitoka kazini nachomeka na kulala. Nikiamka jioni limeshapata ya kunitosha. Umeme wa huku unatokana kwa sehemu na upepo na mitambo ya nyuklia ya Monticello na Prairie Island, na sheria ya jimbo ya mwaka 2023 inayataka makampuni ya umeme yafikie umeme usio na kaboni ifikapo 2040. Maana yake gari langu hilihili litazidi kuwa safi miaka inavyokwenda.

Baridi lakini isidharauliwe. Mwaka 2019 AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, walipima magari ya umeme kwenye nyuzi 20 za Fahrenheit (kama -7 za Selsiasi) hita ikiwa imewashwa, na umbali wa kutembea ukapungua kwa wastani wa asilimia 41. Dawa yake: lipashe gari moto likiwa bado limechomekwa, ili joto hilo litoke ukutani badala ya kwenye betri. Njiani washa hita ya kiti na ya usukani, punguza ile ya kupuliza. Barabara kuu nenda maili 60, usikimbilie 75. Upepo wa tairi pia hushuka na baridi, upime mara kwa mara; hilo ni kwa haibridi vilevile.

Kabla hujalipa, angalia dhamana ya betri. Ya magari ya umeme kwa kawaida ni miaka 8 au maili 100,000, na haibridi za Toyota kuanzia toleo la 2020 ni miaka 10 au maili 150,000. Dhamana hiyo hufuata gari, hata likibadilisha mwenyewe. Muuzaji akikuhakikishia betri ni nzima, mwombe ripoti ya ukaguzi, uisome mwenyewe, na kama hana, nenda kwa muuzaji mwingine.