Sahani za bibi zilivyoacha kubanduka

Bibi aliniachia sahani sita zenye maua ya buluu, nne zikavunjika tulipohama. Sikuweza kuzitupa. Nikaanza kuzipanga ziwe picha ya mozaiki: mlango wa nyumba yake ya Bagamoyo, naye amekaa barazani.

Nilibandika vipande kwenye plaiwudi kwa gundi nyeupe ya mbao. Masika yalipoingia vikaanza kudondoka usiku, kimoja kimoja. Kilichoniuma zaidi ni kile cha uso wake.

Nilipokigeuza niliona gundi imelainika kama uji uliopoa, na mgongo wa kipande unateleza kama kioo. Hapo nikaelewa. Plaiwudi ilikunywa unyevu ikavimba, gundi ile haivumilii maji, na sahani hung'arishwa pande zote mbili, kwa hiyo haishiki vizuri. Wazee wa pwani walilijua hili zamani. Kule Kunduchi bakuli za Kichina zilipachikwa kwenye nguzo ya kaburi, ndani ya chokaa.

Nikahamia kwenye ukuta wa plasta. Migongo ya vipande niliikwaruza kwa jiwe la kunolea lililolowa maji, miwani machoni, kwani vumbi na chembe zake ni hatari. Nikabandika kwa simenti ya marumaru, nikaacha saa 24 bila kugusa. Kisha nikajaza nafasi kwa simenti nyeupe na kufuta kwa sponji iliyokamuliwa kabla haijakauka kabisa.

Masika mawili yamepita. Jana mwanangu aliugusa ule uso, akauliza ni nani.