Matope ya kifuani

Alhamisi ile ya mwezi wa 4 mwaka 2025, usiku wa kwanza wa drafti ya NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, pale timu zinapochagua vijana kutoka vyuoni, ile waliyofanyia Green Bay, nilikuwa sebuleni nakunja nguo, binti yangu kalala kifudifudi kwenye kapeti anaangalia TV. Kwake ile ni shoo ya suti tu, na mama za wale vijana wanavyolia. Kamishna wa ligi akasoma jina, kijana mmoja mkubwa kama mlango akasimama akamkumbatia bibi yake, mtoto akageuka akaniuliza, Baba, hivi nani huwa anawaambia kwamba huyu ndo mzuri?

Nikamwambia wanaangalia video, wanawapima mbio. Akasema hapana, nani ANAWAAMBIA.

Nilikuwa nimeshika shati limetoka kwenye draya sasa hivi, bado la moto, na ile harufu ya sabuni na kitambaa kilichoiva ikanirudisha hukohuko, chumba cha kufulia chini ya uwanja. Mnaonifahamu toka enzi zile mnakijua, nilishawalilia sana kwenye simu kuhusu kile chumba.

Ilikuwa msimu wa 2014, chuo kimoja cha kaskazini mashariki mwa Ohio, jina naliacha. Mchana darasani, jioni nafua. Wachezaji zaidi ya 100, kila mmoja ana mkanda wake wenye namba, anafunga humo soksi na kaptula anautupa kwenye pipa, mi nautumbukiza kwenye mashine mzimamzima. Jezi nazifua peke yake kwa sababu ya matope, uwanja wetu wa mazoezi ulikuwa nyasi za kweli na Ohio ikifika mwezi wa 10 nyasi hizo zinakuwa uji. Mpira wenyewe sikuujua. Nilitoka Tanga najua mpira mmoja tu.

Aliyenifundisha ni 44, namba ya jezi yake. Lainibeka. Chukua namba sita wa kwetu, yule kiungo mkabaji anayesimama mbele ya mabeki akisoma mpira unaenda wapi kabla haujaenda, alafu mpe ruhusa ya kumkumba mtu na kumbwaga chini, ndo huyo. Alikuwa akija kuchukua taulo anapanga makopo ya sabuni sakafuni, kopo hili senta anayeanzisha mpira, hili gadi anayesimama ubavuni kwake, hili la nyuma kwotabeki, mrushaji. Alisema lainibeka mbaya anaangalia mpira, lainibeka mzuri anamwangalia gadi. Gadi akirudi nyuma ujue mpira utarushwa, geuka ukalinde eneo lako. Gadi akichomoka kwenda pembeni, mkimbiaji mwenye mpira yuko nyuma yake, mfuate. Gadi akikujia usoni, pigana nae umtupe pembeni. Na una kama nusu sekunde ya kuamua, na hao hao wanakudanganya makusudi, gadi anarudi nyuma kama watarusha kumbe mpira kapewa mkimbiaji. Nilikuwa nasahau mashine zimeisha kuzunguka.

Tatizo lake la kwanza lilikuwa urefu. Futi 5 na inchi 11, na hiyo ni kwa kujinyoosha. Ohio kila lainibeka mfupi anatajiwa London Fletcher, kijana wa Cleveland aliyecheza John Carroll, chuo kidogo hukohuko kwetu, mwaka 1998 drafti nzima ikapita hakuna timu iliyomtaja, alafu akaja kucheza misimu 16, mechi 256 mfululizo bila kukosa hata moja. 44 alibandika picha yake ndani ya mlango wa kabati. Kila akifungua anaigusa kwa vidole viwili.

Tatizo la pili tulilijua watu wawili. Wiki ya tatu ya mwezi wa 10 bega lake la kushoto lilichomoka kwenye mazoezi likarudi lenyewe. Hakumwambia daktari wa timu wala kocha. Aliniambia mimi kwa sababu hakuwa na namna, ile jezi inabana juu ya pedi za mabega, mtu haivui peke yake vizuri hata akiwa mzima, wenyewe kwa wenyewe wanavutana. Yeye akawa anasubiri wenzie waishe kuondoka anashuka kwangu, anashika ukingo wa meza, mi namtoa mkono wa kulia kwanza, alafu kichwa, alafu naishusha mikono miwili taratibu upande wa kushoto bila kuunyanyua mkono wake. Alikuwa anaimba chini chini wimbo fulani wa kanisani kwao mpaka niishe. Kaka, alisema, hii ibaki hapa. Neno kaka nilimfundisha mimi.

Skauti, yaani mtu wa timu anayezunguka kutafuta vijana wa kuchukua, alikuja mwanzoni mwa mwezi wa 11. Mzee wa makamo, wa timu moja ya NFL, saa ya kupimia mbio shingoni. Hawa watu kama hamjui, wanashinda siku nzima kwenye chumba cha giza wanaangalia video, jioni wanasimama pembeni ya mazoezi, halafu wanazunguka wanauliza watu. Mlinzi wa geti, mama wa jikoni, yule anayewafunga plasta miguuni. Aliniambia kocha hamwulizi sana, kocha anataka mtoto wake apate kazi, lazima amsifie. Akavuta kreti akakaa. Kaweka daftari gotini.

44 we unamwonaje?

Mi ningeweza kusema ni kijana mzuri ana adabu, ikaishia hapo. Ila nilikuwa na kitu changu ambacho nilikuwa nakitunza wiki nyingi na hakuna mtu aliwahi kuniuliza. Nikaenda kwenye kapu la jezi ambazo hazijafuliwa, nikatoa yake na ya lainibeka mwenzie, nikazitandaza mezani. Nikamwambia mzee, angalia. Hii ya mwenzie mgongoni kote kijani na matope, maana yake huyu anapigwa anaenda chali. Ya 44 geuza mgongo, nyeupe. Matope yote kifuani, kwenye viwiko, hapa tumboni. Huyu akianguka anaanguka kwa mbele, juu ya mtu. Kila siku ni hivyo hivyo, toka mwezi wa 8, we chagua siku yoyote.

Yule mzee alinyamaza. Akaligusa lile tope la kifuani kwa kidole kama mtu anayepima nguo dukani. Akasema ana zaidi ya miaka 20 kwenye hii kazi na hajawahi kuonyeshwa hivyo. Akaandika. Nilimwona anaandika, mistari mitatu minne, maneno yangu mimi, na niwaambie ukweli, nilikuwa na miaka minne Marekani na hiyo ndo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuandika nilichosema. Kule darasani nilikuwa nikiongea watu wanasubiri nimalize. Pale nilihisi kifua kimepanuka, nikawa natamani aulize kingine, chochote.

Akaulizia. Alikuwa bado kaishika ile jezi, kaivuta kidogo kuona inavyobana. Hizi zinabana kweli, akasema, kama anaongea tu. Nani humvua?

Nikasema mimi.

Siku zote?

Toka wiki ya tatu ya mwezi wa 10.

Yaani tarehe nikampa na tarehe. Hakuniuliza lini! Nilijibu haraka haraka kama mwanafunzi anayejua jibu, na neno lilivyotoka tu nikalisikia mwenyewe. Mashine namba mbili ikaingia kukamua, ile inatetemesha sakafu, na katikati ya ile kelele nikaona kalamu yake imesimama. Alikuwa ananiangalia kwa upole kabisa, hata leo siwezi kusema ni mtu mbaya. Akaandika kitu kifupi, labda maneno mawili, akakizungushia duara. Nikataka kusema ah ni pedi tu zinambana, au ni mazoea yetu, mdomo ukakataa. Akaikunja ile jezi yenye matope vizuri kabisa, mikono ndani, kama inatoka dukani, akaniwekea mezani. Akasema asante, umenisaidia sana.

Saa 1 usiku 44 akashuka. Vipi kaka. Akashika ukingo wa meza. Mkono wa kulia, kichwa, kushoto taratibu. Anaimba chini chini ule wimbo wake. Sikumwambia kitu.

Yaliyobaki yalienda haraka. Kwenye ile kambi ya vipimo ya Indianapolis inayoita vijana 300 na kitu hakuitwa. Siku ya vipimo ya chuo mwezi wa 3 alikimbia yadi 40 vizuri tu, ila kile chuma cha kunyanyua umelala chali, kilo 102, alikinyanyua mara 9 na kwenye ya 10 mkono wa kushoto ukashuka peke yake, kocha akakidaka. Mzee wa saa shingoni alikuwepo. Alinipa mkono. Drafti ilikuwa Chicago mwaka huo, siku tatu tumekaa kwa mama yake, raundi 7, majina 256, mama kapika mpaka chakula kikawa kinamwagwa. Jina la 256 lilivyosomwa 44 alisimama akaanza kuosha vyombo. Jumamosi ile ile usiku simu ikalia, timu moja, siku tatu za kujaribiwa bila mkataba, akaenda, akarudi. Basi. Sasa hivi anafundisha sekondari na ni kocha wa mabeki wa hapo.

Nimeshajitetea kwa kila njia. Timu ziko 32, aliyeshuka chini kwangu ni wa timu moja, hizo 31 hazikuniuliza kitu na zenyewe hazikumchukua. Urefu ni ule ule. Kile chuma kingemsema hata mimi ningekuwa bubu. Na tena ningesemaje, nidanganye? Kuna siku najiambia nilimwokoa, kwamba bega lile likienda kugongana na watu wa kilo 140 lingevunjika moja kwa moja. Ila hiyo huruma niliitengeneza baadaye. Pale kwenye kreti sikuwa nafikiria bega la mtu, nilikuwa nafurahia kusikilizwa. Niliachiwa amana nikaitoa kwa sababu nilisifiwa, na haikuchukua hata dakika tano.

Mwaka 2023 niliwapeleka watoto Canton, kwenye lile jumba la magwiji wa mpira huo, mwezi wa 8 uleule walivyomwingiza Zach Thomas. Lainibeka wa Texas Tech, mfupi nae, futi 5 na inchi 11. Mwaka 1996 lainibeka mwenzie Ray Lewis alichukuliwa wa 26, Thomas akangoja mpaka raundi ya 5, wa 154. Wote wawili sasa vichwa vyao vya shaba viko pale. Watoto walikimbilia kwenye helmeti za zamani, mi nilisimama mbele ya Thomas muda mrefu mpaka mke wangu akaja kunishika mkono. Nilikuwa nawaza kule Texas Tech nani alikuwa anamfulia, na alipoulizwa alisemaje.

44 bado tunaongea. Kila msimu ukianza ananitumia picha ya vijana wake, ananiandikia vipi kaka. Miaka 10 sasa, na mara zote nimejibu poa.

Sasa huyu mtoto pale kwenye kapeti. Nikamwambia wanauliza watu. Watu gani? Watu wa pale, wanaofua, wanaopika. Akakaa kitako. Na wewe walikuuliza? Nikasema ndio, na sijui kwa nini, nikamweleza yote, makopo, jezi, yule mzee, ukingo wa meza, hakuna mwingine niliyewahi kumweleza hivyo, hata mama yake. Nilikuwa najiandaa aniulize kwa nini ulisema.

Akaniuliza, na bega lake lilipona?

Nikamwambia lilipona. Walimpasua mwaka huohuo, sasa anabeba wanae wawili upande huo huo. Akasema okay, akalala tena kifudifudi, kwenye TV walikuwa wanasoma jina lingine.