Mstari Usio na Saa ya Kutoka

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikipunguza vitu vya lile kabati ambalo kila mwaka naahidi kulipunguza, binti yangu akiwa ameketi sakafuni akinisaidia kwa namna yake, yaani kwa kuvirudisha ndani vile nilivyokwisha kuvitoa. Akaibuka na daftari lenye jalada gumu, akalifunua kuanzia nyuma kama watoto wafanyavyo, akauliza: "Mama, mbona huyu ameandika saa ya kuingia lakini hakuandika saa ya kutoka?"

Nilijua ni daftari gani kabla sijageuka.

Kurasa zake zote zimepigwa mistari kwa rula na kugawanywa safu nne, kwa mwandiko wa baba unaolalia kushoto: tarehe, kuingia, kutoka, kazi. Intaneti ya nyumbani wakati ule ilipita katika laini ile ile tuliyozungumzia simu, na ilitozwa kwa dakika kama mazungumzo mengine yoyote. Basi baba, ambaye hajawahi kulipa bili pasipo kuihakiki, aliandika kila dakika. "Saa 2:10 usiku, saa 2:34 usiku, barua tatu na ukurasa wa matokeo." Mistari ya namna hiyo imejaa kuanzia mwaka 1999, na hakuna hata mmoja ulioachwa wazi, isipokuwa huo wa mwisho.

Utaratibu wetu ulikuwa mkali. Barua ziliandikwa kwanza, zikasomwa, zikasahihishwa na kupangwa tayari kwa kutumwa huku kompyuta ikiwa haijaunganishwa na chochote. Kila mmoja alileta orodha ya kurasa anazozihitaji, nayo orodha ilipunguzwa. Ndipo modemu iliporuhusiwa kupiga simu. Siku hizi watu huuiga mlio wake kwa kuchekesha, ule mkwaruzo unaofuata tarakimu, bila kujua kwamba yalikuwa mazungumzo ya kweli: mashine mbili zikipimana, zikikagua ubora wa waya na kupatana kasi ambayo zote zingeimudu. Sisi tulizoea kuusikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua, na baba alidai kwamba angeweza kutambua kwa mlio tu kama tungepata kilobiti 44 kwa sekunde au kama tungelazimika kukata na kupiga upya. Modemu ilikuwa ya kiwango kilichotoka mwaka 1998, na ubavuni iliandikwa 56. Sijawahi kuiona hiyo 56. Kwa kasi ya 44, wimbo mmoja wa megabaiti 4 ulichukua dakika 12 hivi, ilimradi asitokee mtu chumbani akanyanyua simu kwa kusahau, kwani kunyanyua huko peke yake kulitosha kuvuruga ishara na kutumwaga nje, nasi tukaanza tena kutoka mwanzo.

Sitaki kuonekana kwamba nausifu wakati ule. Nimelia mbele ya kompyuta ile, nikiwa mtu mzima, kwa ajili ya faili lililokatika likiwa limebakiza kidogo sana.

Kilichotuhamisha si kasi. Kisa cha kaka kutupigia simu usiku mzima akiwa na jambo la dharura, na kila mara akikuta laini inatumika, nimekisimulia mara nyingi mno, na mwenyewe ameshaniomba nikipumzishe. Itoshe kusema kwamba asubuhi yake mama alitamka sentensi moja tu, na kufikia mwisho wa juma baba alikuwa amejaza fomu za brodibendi.

Fundi alikuja mwaka 2004, alasiri moja, akiwa na kisanduku chenye taa tano na vichujio vidogo vyeupe, kimoja kwa kila simu ya nyumbani. Alikuwa na subira. Alimweleza baba kwamba sauti ya mtu katika simu haihitaji masafa yanayozidi kilohezi 4, ilhali waya wa shaba unaweza kubeba mengi zaidi ya hayo, na kwamba teknolojia hii mpya inakaa huko juu, kuanzia kilohezi 25 hivi hadi kupita 1,000, ambako palikuwa tupu miaka yote. Vichujio kazi yake ni kuzuia majirani hao wawili wasisikilizane. Baba aliuliza kwa nini basi tusipewe kasi kubwa kuliko kilobiti 512. Akajibiwa kwamba ishara hufifia kadiri waya unavyorefuka kutoka kituo cha simu, nasi hatukuwa karibu. Jibu hilo alilipenda, nadhani kwa sababu lilikuwa na kipimo ndani yake.

Fundi alipoondoka, tulibaki watatu mbele ya kisanduku. Taa ya katikati ilikuwa ikipepesa, na baba alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande wa sikio lake zuri, akisubiri mlio. Hakukuwa na mlio. Taa ikaacha kupepesa, ikatulia kijani, na chumba kikawa kimya kiasi cha kumsikia mama akikunja kitambaa. Nikafungua ukurasa wa kwanza nao ukaja wote kwa pamoja, picha na maneno, bila ile tabia ya picha kujichora kutoka juu kwenda chini kama pazia linaloshushwa.

"Umeingia?" baba akauliza.

"Nimeingia."

Akalifungua daftari, akatazama saa ya ukutani, akaandika: saa 1:05 usiku. Baada ya hapo hakulifunga. Aliliweka gotini, kalamu mkononi, akaketi kwenye kiti chake cha siku zote nyuma ya bega langu la kulia.

Nilikuwa na orodha yangu kama kawaida. Barua mbili, ukurasa wa kitivo, na wimbo mmoja ambao dada alikuwa akiuomba tangu mwezi uliotangulia. Wimbo ulishuka kwa muda uliozidi dakika moja kidogo tu. Baba akaigawa 12 kwa 1 kwa sauti, akaguna. Kufikia saa 1:10 orodha ilikuwa imekwisha yote. Ndipo simu ikalia.

Nimejaribu mara nyingi kuieleza sekunde ile kwa watu wasioishi na modemu, na sijafaulu. Sote watatu tuliruka. Baba alinyoosha mkono wenye kalamu kuelekea kwa mama na kupaza sauti, "Usiinyanyue!", nami nikaukamata ule waya wa kisanduku kana kwamba ningeweza kuushikilia usikatike. Mama alisimama pale mezani, mkono wake ukiwa juu ya simu, akitutazama kwa zamu. Ikalia mara ya tatu. Ikalia mara ya nne. Kisha akainyanyua taratibu, kama mtu anayefunua sufuria asiyejua kilichomo, huku macho yake yakiwa kwenye skrini yangu wala si kwenye simu. Nikabonyeza. Ukurasa ukafunguka. "Haloo," mama akasema, na nilipobonyeza tena, ukurasa mwingine ukafunguka. Kisha akacheka, na kule upande wa pili shangazi, ambaye hakujua lolote, akasikika akiuliza kuna nini cha kuchekesha.

Baba hakucheka. Alikuwa akiitazama simu, kisha kompyuta, kisha simu, kama mhasibu aliyeona fedha mbili zimetoka katika noti moja.

Mama alipokata simu, baba aliniuliza: "Utatoka saa ngapi?"

Nikamwambia, kwa ujuvi wa umri ule, kwamba hii haina kutoka, tunalipa kwa mwezi, iko wazi usiku na mchana hata tukilala.

"Sasa mimi niandike nini hapa?"

"Usiandike, baba."

Hakujibu. Alikaa nyuma yangu kwa muda ambao siwezi kuukadiria, nami nikaendelea kufungua hiki na kile, kwa mara ya kwanza bila orodha, kiungo kikinipeleka kwenye kiungo. Nilipogeuka kiti kilikuwa kitupu. Daftari lilikuwa juu yake, limefunuliwa, kalamu imelazwa kwenye mfereji wa katikati. Kompyuta niliizima saa 7 na kitu usiku, nikiwa na macho mekundu, na ukiniuliza leo nilisoma nini muda wote ule sitakutajia hata kimoja, ilhali mistari ya nyuma yake naikumbuka karibu yote: barua ya kujiunga na kitivo, picha ya kwanza ya mtoto wa kaka iliyochukua dakika 9, matokeo ya dada.

Inawezekana naikumbuka kwa sababu tu iliandikwa. Mtu yeyote akikuwekea kumbukumbu za kila dakika uliyoitumia utajiona uliishi maisha yenye mpango.

Haya yote nilimwambia binti yangu kwa kifupi, naye akayachuja kwa namna yake. "Kwa hiyo hujatoka mpaka leo?" Nikaanza kumweleza kwamba kwa lugha ya kifundi nimetoka mara nyingi, kwamba ruta zimebadilishwa, waya wenyewe wa shaba ulikwishaachwa tukahamia nyuzi za kioo, umeme nao hukatika, lakini alikuwa ameshachukua penseli na kuuliza aandike saa ngapi. Nikampokonya daftari kwa haraka iliyotushangaza sote wawili.

Usiku huo nilimpigia baba. Nilimweleza nilichokipata, nikamwambia jinsi nilivyoufikiria mstari ule miaka yote hii, kiti kitupu, kalamu iliyolazwa, mtu aliyeona kazi yake imeisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Kalamu iliisha wino, mwanangu," akasema. "Nami nilikuwa na usingizi."

Baada ya kuagana nilikwenda kulitazama tena chini ya taa. Ile saa 1:05 imeandikwa kwa wino mweusi tititi, haina mkwaruzo wala herufi iliyofifia, na pembeni yake, kwenye safu ya kutoka, kuna nukta moja ndogo, kama ya mtu aliyegusisha ncha ya kalamu kwenye karatasi akainua.