Siku moja ya ofisa mdogo wa mradi hapa Kisumu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Kabla hata sijawasha taa nasikiliza vois noti. Ni dada wetu mmoja aliyeenda kufanya kazi Juba, huko wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hivyo ameirekodi usiku wa manane na hiyo peke yake inakuambia hali. Anasema wamefungiwa ndani ya kampaundi tangu wikendi juu ya usalama, kazi inaendelea, chakula kipo, lakini hajaongea na mtu yeyote nje ya mambo ya kazi na sasa ameanza kugombana na mtu wa stoo juu ya wino wa printa. Namjibu, "Sista nimekusikia, leo jioni tukikutana tunakupigia wote." Simwambii ajikaze. Kwa grupu yetu hilo neno tumelipiga marufuku, mtu ambaye ameenda Juba na mkataba wa miezi sita amejikaza vya kutosha.

Wacha nieleze hii grupu kwanza ndio siku yangu ieleweke. Ni watu wa miaka ya mwanzo mwanzo kwa hizi kazi za maendeleo, wale tunaandikwa "asistanti" au "ofisa" kwa mkataba mfupi, mashirika tofauti, wengi tuko Kisumu, wengine Siaya, Busia, Homa Bay, na wachache wamevuka mpaka. Sheria ya kuingia ni moja: usiwe unasimamia mtu mwingine aliye ndani. Ukipandishwa cheo ukawa bosi wa mmoja wetu, mnaongea, mmoja anatoka, hakuna ubaya. Menta, yaani mtu aliyekutangulia kazini anayekushauri, ni mzuri, sikatai, niko na mmoja na namheshimu sana, lakini menta atakuambia venye yeye alipanda ngazi 2009 pesa ya wafadhili ikiwa mingi. Na bosi hata akiwa mpole ndiye atakuandikia tathmini ya mwisho wa mwaka. Mtu wa kumwambia "sielewi hii bajeti hata kidogo" lazima awe hana cha kukufanya.

Saa kumi na mbili na nusu

Gari la ofisi limechukuliwa kwenda kupokea wageni wa mfadhili uwanja wa ndege, kwa hivyo sisi wadogo tunajitafutia. Nduthi, yaani pikipiki, kutoka Manyatta hadi Nyamasaria, halafu matatu ya Ahero. Konda anapakia kama kawaida, "songa kidogo madam, songeni nne nne", na mimi na tableti ya ofisi nimeifunika kwa leso, maana nikiipoteza nitailipa.

Njiani nasoma meseji za usiku. Kuna kijana ameandikiwa barua ya kuachishwa kazi, anauliza atalipwa nini. Haya maswali tumeyazoea. Mwanzoni hii grupu ilikuwa ya kutumiana matangazo ya kazi tu, halafu ikaja 2025. Tarehe 20 Januari Rais Trump akatia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ati ikaguliwe, na haikuchukua muda barua za kusimamisha kazi zikaanza kuingia maofisini. Mwezi wa tatu waziri wake wa mambo ya nje, Marco Rubio, akatangaza wamefuta asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, na Julai mosi shirika lenyewe, lililoanzishwa 1961 wakati wa Kennedy, likafungwa, kilichobaki kikaingizwa wizara yao ya mambo ya nje. Ukisikiliza kwa redio ni habari ya Washington, lakini huku kwetu Nyanza kazi ya VVU ilikuwa imeajiri vijana wengi sana kwa pesa ya Marekani, wapimaji, watu wa data, kina mama washauri wa kliniki, madereva, na wote walipata hizo barua karibu wakati mmoja.

Hapo ndio tuliacha kutumiana maneno ya kutia moyo tukaanza kusoma sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema ukipunguzwa kazi unapewa notisi isiyopungua mwezi mmoja, afisa wa leba naye anajulishwa, na fidia isipungue mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Lakini kama mkataba wako ni wa muda maalum na tarehe yake imefika, kwa kawaida hakuna fidia ya kupunguzwa, umeisha tu, unadai siku zako za likizo na cheti cha kazi. Hiyo tofauti wengi wetu hatukuijua na tuna digrii za maendeleo ya jamii. Mwingine alikuwa ameletewa karatasi imeandikwa anajiuzulu kwa hiari yake, tukamwambia bro usisaini, beba hiyo karatasi uende ofisi ya leba kesho asubuhi, na mmoja wetu akaenda naye.

Huyu wa leo namwomba atume barua akiwa amefuta jina, na tarehe ya mwanzo na mwisho wa mkataba. Bando inaisha nikiwa hapo.

Saa mbili asubuhi

Kano, huku upande wa Ahero. Mafuriko ya 2024 yaliharibu vyoo na visima huku na bado watu wanajenga. Kazi yangu ni ufuatiliaji na tathmini, yaani nahesabu: vibanda vya maji, mitungi, wanaokuja. Mama mmoja mzee ananiona anacheka, "Nyathina (mwanangu), leo tena umekuja kuhesabu? Hayo maji ukiyahesabu yanaongezeka?" Namsalimia kwa heshima zote, namwambia mama hayaongezeki lakini wakubwa wakiona hesabu huenda wakaongeza mfereji. Anasema sawa, basi andika pia kwamba jana mfereji mmoja ulikuwa mkavu. Naandika.

Fomu ya ofisi inauliza umbali na lita. Viwango vya Sphere, ule mwongozo wa kazi za dharura ulioanza 1997, vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, mfereji mmoja usihudumie zaidi ya watu 250, na umbali usizidi mita 500. Yote tulikuwa nayo kwa fomu. Lakini huyu dada wa Juba ndiye alituuliza kwa grupu, na foleni je? Mwongozo huo huo unasema kungoja kusizidi nusu saa. Nikaomba swali liongezwe, bosi akakubali, na leo nimekaa hapo na saa ya simu nikiangalia wasichana wa shule wakingoja na mitungi wakati wenzao wako darasani. Kibanda kiko karibu kabisa, lita zinatosha, kwa ripoti ya zamani kingepata tiki ya kijani. Mtu aliyeniona nikiwa gizani kwa hili jambo hata hakuwa kwa mradi wangu wala nchi yangu.

Saa saba

Wali wa Ahero na samaki, haraka. Mhamasishaji wa afya wa kijiji ananiambia hajaelewa makato mapya kwa simu yake, na mimi naye sielewi vizuri. Tunacheka tunaenda.

Saa tisa alasiri

Ofisini. Stima iko, intaneti inajikokota. Napandisha data, nasafisha Excel, kuna mtu wa Nairobi anataka "hadithi moja ya mafanikio" kabla ya saa kumi na moja, yenye picha ya mama anatabasamu. Niko na picha ya mfereji mkavu. Namtumia maneno mafupi kuhusu kamati ya maji, ambayo kweli inafanya kazi, na picha ya mwenyekiti wao akiwa na daftari la pesa. Hatabasamu, lakini daftari ni safi.

Halafu linaingia tangazo. Shirika moja linatafuta ofisa wa tathmini hapa hapa Kisumu, mkataba wa miaka miwili. Miaka miwili! Kabla sijamaliza kulisoma nishajua kwa grupu kuna watu watatu linawafaa, na hapa ndipo hizi grupu za rika nyingi hufa, juu tunasaidiana mpaka siku nafasi ni moja. Utaona watu wamenyamaza, kila mtu anaandika barua yake gizani, na mwezi mmoja baadaye ukimwuliza mwenzako anasema, "Ai, kwani wewe pia uliomba?"

Sisi tulikubaliana kitu kinaitwa kutangaza. Ukiomba nafasi unasema wazi, "mimi naomba." Sivi, yaani wasifu wa kazi, zinasomwa na watu ambao hawaombi, hivyo hakuna anayemsaidia mwingine akiwa na kisu mgongoni. Na kuna jedwali letu la mishahara, halina majina, liko na cheo, aina ya shirika, kaunti, mshahara kabla ya makato, bima ipo au haipo, nani analipa nauli ya fildi. Hilo jedwali, kwa maoni yangu, limefanya kazi kubwa kuliko semina zote nimeenda za kujiamini. Ukiulizwa kwa intavyu unatarajia kulipwa ngapi, husemi bei ya huruma. Kuna kijana Mholanzi alikuwa huku kwa mwaka mmoja, kulikuwa na ubishi kama aingizwe juu kodi ya nyumba yake ilishinda mishahara yetu, akaingia, na akajaza mstari wake kwa jedwali bila kuficha. Iliuma kidogo kusoma. Lakini ndio tulijua kuna mikataba iko na ushauri nasaha unaolipiwa na mwajiri na safari ya kwenda nyumbani, na dada wa Juba alipopewa wake aliuliza hivyo vitu viwili kwa jina. Ushauri nasaha alipata, safari hapana.

Kufikia saa kumi na nusu watatu wote wametangaza.

Saa kumi na mbili jioni

Tunakutana kwa hoteli ndogo upande wa Kibuye, mwenye hoteli anatupatia meza ya nyuma mradi tununue chai na chapati. Tunaanza na Juba. Simu inawekwa katikati ya meza, mtandao unakatika, anaturudia, na kwa dakika kumi hakuna anayeongea kazi. Anataka kujua timu ya Gor imefanya nini, nani ameoa, kama mvua imeanza. Anacheka mara moja kwa nguvu. Kabla ya kukata anasema atamwomba msamaha mtu wa stoo, ile wino haikuwa kosa lake.

Halafu kesi. Kila kikao ni mtu mmoja, shida moja. Anaongea dakika kumi, sisi tunaruhusiwa kuuliza maswali tu, ushauri mpaka mwisho na kama ameutaka. Huu mtindo hatukuubuni, ni wa Mwingereza Reg Revans, alikuwa akifanya kazi na mameneja wa migodi ya makaa ya mawe kwao Uingereza miaka ya 1940, akaamini mtu anajifunza zaidi akiulizwa maswali na wenzake wenye shida kama zake kuliko akihubiriwa na mtaalamu. Kwa Wakenya ni ngumu aki, sisi tunapenda kushauri. Tumeweka mtu wa kugonga kikombe ukianza na "mimi ningekuwa wewe".

Wa leo ni msichana mdogo, ndio kazi yake ya kwanza, amekubali niandike na nimebadilisha vitu vingi. Msimamizi wake amemletea orodha ya mahudhurio ya mafunzo asaini kama shahidi. Kwa orodha kuna majina ya watu ambao hawakuwa ukumbini, na kila jina lina posho na nauli. Mkataba wake unaisha karibuni na anayeamua kuuongeza ni huyo huyo msimamizi.

Kimya kwanza. Halafu maswali. Wewe ulikuwa ukumbini siku hiyo? Nani mwingine amesaini? Amekuambia kwa mdomo au kwa meseji? Sera ya kuripoti ulipewa ulipoajiriwa? Ukaguzi ukija, jina la kwanza kuulizwa ni la nani? Hapo kwa hilo swali la ukaguzi akanyamaza, akasema, "Ni langu. Yeye hajasaini mahali popote." Nilimwona akipata hasira kwa mara ya kwanza jioni hiyo, na hasira ilimsaidia kuliko machozi ya dakika za kwanza.

Mmoja akagongewa kikombe mara mbili. Mwishowe yule msichana akaomba ushauri na akapewa kidogo: ataandika baruapepe fupi ya adabu, kwamba atasaini waliokuwepo kulingana na orodha yake ya asubuhi, na anaomba maelekezo kuhusu majina mengine. Hakuna kumshtaki mtu bado. Atahifadhi nakala. Na kama mkataba hautaongezwa, mfuko wetu utamshikia nauli ya intavyu, tunachanga kidogo kidogo kila mwezi kwa kazi hiyo na laptopu moja ya kuazimana. Nilitaka aripoti moja kwa moja kwa simu ya siri ya shirika, bado naona hivyo, lakini si mimi nitakayekaa naye ofisi moja kesho.

Barua akaiandika hapo hapo mezani, tukamsomea, tukatoa "samahani" zote tatu alizokuwa ameweka.

Saa tatu usiku

Nyumbani, sukuma na ugali wa mchana. Kijana wa asubuhi ametuma tarehe zake: amemaliza miaka mitatu kamili na mkataba wake ulikuwa bado na miezi, kwa hivyo ni kupunguzwa kazi, siku 15 mara tatu, pamoja na notisi. Namwandikia hivyo na kumwambia afisa wa leba athibitishe.

Jumamosi ni zoezi la intavyu. Wale watatu wa ile nafasi moja watakuja wote, watahojiwa mmoja mmoja wengine wakisikiliza, na mimi nimepangiwa kukaa kwa jopo na kuuliza lile swali la mshahara.