Hereni za uzi zisizolegea: ninavyozifuma kwa kroshia

Hereni ya uzi ikitoka mkononi huwa imekaa vizuri, duara limenyooka na kingo zimefunguka. Ikishavaliwa mara tatu nne, inaanza kujikunja pembeni na kuning'inia kama utambi. Mafundi wengi hukimbilia kubadilisha muundo, kumbe muundo hauna kosa. Hereni hulegea kwa sababu ya uzi laini mno, sindano nene mno, na kazi ya mwisho iliyorukwa: kulowesha kwa gundi na kukausha kwa pini. Nilipoyashika hayo matatu, miundo ile ile iliyokuwa inalegea ikasimama.

Uzi wa sweta sitengenezei hereni. Una hewa nyingi ndani, unavutika, na ukisuguana na nguo au nywele unatoa manyoya. Kwa kofia hiyo ni sifa, kwa hereni ni hasara. Natumia uzi wa pamba uliosokotwa kwa kubana na kung'arishwa. Ung'arishaji huo ulianzia kwa John Mercer wa Uingereza mwaka 1844: pamba ilitiwa kwenye maji ya kostiki soda, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni, nyuzinyuzi zikavimba, zikapata nguvu na kunywa rangi vizuri zaidi. Mng'ao ulipatikana baadaye katika karne hiyo hiyo, ilipogundulika kwamba uzi unapaswa kuvutwa ukiwa ndani ya soda. Unaponunua, angalia namba kwenye lebo, na ukumbuke kwamba namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba. Namba 10 ndiyo ninayotumia kwa hereni nyingi. Namba 20 ni ya maua madogo, nayo inataka macho na mwanga wa kutosha.

Kama huna hakika na uzi ulio nao, choma kipande kidogo juu ya sahani. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wa plastiki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi.

Sindano iwe nyembamba kuliko inavyoshauriwa kwenye lebo. Uzi namba 10 ukiandikiwa milimita 1.75, mimi nachukua 1.5, na mkono ukiwa mlegevu nashuka hadi 1.25. Fuma kipande cha sentimita 3 kwa 3 cha mishono mifupi, kiinue kwenye mwanga. Ukiona matundu kati ya mishono, sindano bado ni nene. Sindano ikianza kupasua uzi na kuacha nyuzinyuzi nje, ama umeshuka mno, ama uzi umefunguka msokoto. La pili ni la kawaida ukifuma kwa muda mrefu: achia kazi ining'inie kwenye uzi wake, izunguke yenyewe mpaka itulie, kisha endelea.

Ili tuelewane kwa majina: mnyororo ni kitanzi kimoja kilichovutwa ndani ya kingine. Mshono mfupi ni kuchoma, kuvuta uzi ili upate vitanzi viwili, kisha kuvitoa vyote kwa pamoja. Mshono mrefu huanza kwa kuzungusha uzi mara moja juu ya sindano, unachoma, unavuta, halafu unatoa vitanzi viwili viwili mara mbili. Mshono wa kuteleza ni ule wa kufungia mzunguko, unaopita vitanzi vyote kwa mara moja.

Hereni ninayoipenda kufundishia ni ya pete ya chuma, kwa sababu chuma kinabeba umbo na uzi unabaki kuwa pambo. Kwa jozi moja chukua pete mbili za kipenyo cha sentimita 4, unene wa waya usiopungua milimita 1.5, zilizoungwa kabisa. Pete yenye pengo itakuadhibu, kwani uzi utateleza na kutokea hapo, na ncha ya chuma itakuwa inakata nyuzi kidogo kidogo. Uzi namba 10, mita 15 hadi 20 kwa jozi, zinatosha pamoja na mikia. Uzi wa hereni moja hauzidi gramu 2, kwa hiyo hereni ikivuta sikio, ubadilishe pete.

Weka kitanzi cha kuanzia kwenye sindano. Shika pete kwa mkono wa uzi, uzi ukiwa nyuma yake. Ingiza sindano ndani ya pete, vuta uzi upande wako, pandisha sindano juu ya ukingo wa pete, chukua uzi tena na utoe vitanzi viwili. Huo ni mshono mfupi wa kwanza. Laza mkia wa mwanzo juu ya pete na uufunike kwa mishono inayofuata, na hutahitaji kuushona baadaye. Mishono mitano ya kwanza itazunguka zunguka kwenye chuma. Ibane kwa kidole gumba mpaka ifike kama kumi, hapo inaanza kushikana.

Weka mishono 72. Mzingo wa pete ya sentimita 4 ni kama sentimita 12.6, na mishono 72 inaifunika bila chuma kuonekana. Mkono wako ukihitaji 66 au 78, sawa, lakini ibaki namba inayogawanyika kwa 6, maana kingo inayofuata inakula mishono sita sita. Ukizidisha mno, mishono inapandana na kusukuma kingo iwe na mawimbi. Ukipunguza, chuma kinachungulia. Funga kwa mshono wa kuteleza.

Kabla ya mzunguko wa pili, simama uangalie mgongo wa mishono, ile mistari ya vitanzi viwili viwili. Inapaswa kukaa ukingo wa nje wa pete, kote. Karibu kila mara kuna sehemu imejizungusha ikaelekea mbele au ndani. Inyooshe kwa vidole sasa. Ukiendelea bila kunyoosha, kingo itakaa upande kama sahani iliyopinda, na gundi haitairekebisha.

Kingo ya vipepeo inafumwa hivi: ruka mishono miwili, weka mishono mirefu mitano kwenye tundu moja, ruka miwili, weka mshono mfupi kwenye tundu linalofuata. Hicho ni kipepeo kimoja, kimekula mishono sita. Pete nzima ingebeba vipepeo 12, lakini mimi naweka 10 na kuacha mishono 12 ya juu bila kitu. Hapo ndipo kulabu itaning'inia, na vipepeo vya juu hugusa shavu na kujikunja. Vipepeo vikijikunja kuelekea mbele, mishono mirefu yako ni mifupi mno au imebanwa. Vuta kitanzi cha kwanza juu kidogo kabla ya kukitoa. Vikiwa na mawimbi, shuka hadi mishono minne kwa kila kipepeo.

Fanya hereni zote mbili kwa pamoja, mzunguko kwa mzunguko. Maliza mzunguko wa kwanza wa ya kushoto, fuma wa kulia, halafu rudi. Mkono wa asubuhi na mkono wa jioni si mmoja, na tofauti ya milimita 2 inaonekana wazi pale hereni zinapokuwa pande mbili za uso mmoja. Andika idadi ya mishono kwenye karatasi, usiiamini kumbukumbu.

Mkia wa mwisho uache sentimita 12. Upitishe kwa sindano butu chini ya mishono kama minane kwenda mbele, ruka uzi mmoja, kisha urudi nyuma mishono mitano kwa njia hiyo hiyo. Kurudi nyuma ndiko kunakoufunga. Pamba iliyong'arishwa inateleza, na mkia uliopitishwa upande mmoja tu utachomoza ndani ya wiki. Fundo peke yake halitoshi, nalo huonekana kama kipele.

Sasa gundi. Kwa hereni ya pete nachanganya kipimo kimoja cha gundi nyeupe ya maji na vipimo viwili vya maji. Kwa ua lisilo na chuma ndani, nusu kwa nusu. Zamisha kazi mpaka ilowe, iminye ndani ya kitambaa safi, usiisokote. Ibandike kwa pini zisizoshika kutu juu ya sponji ngumu au kadibodi nene iliyofunikwa nailoni, pini moja kwenye ncha ya kila kipepeo. Puliza matundu yaliyojaa gundi, au yatoboe kwa sindano, kabla hayajakauka, la sivyo yatakuwa na utando mweupe usiotoka. Acha saa 12 hadi 24. Ukitoa pini mapema, kipepeo kinarudi kilikotoka.

Wapo wanaotumia maji ya sukari. Yanakakamaza kweli, ila hewa ikiwa na unyevu yananata, na sisimizi hawakosi. Wanga wa kupikwa ni mzuri kwa rangi nyeupe, lakini kwenye nyeusi na bluu iliyoiva huacha vumbi jeupe. Kwa rangi hizo napunguza gundi zaidi na kulowesha mara mbili, kila mara nikiacha ikauke. Na angalia pete yako: chuma cha kawaida kikikaa kwenye maji ya gundi usiku mzima kinatoa kutu, na doa la kutu kwenye uzi halitoki. Tumia pete ya chuma kisichoshika kutu. Kama huna, ipake vanishi safi na uiache ikauke kabla ya kufuma.

Nyekundu na bluu iliyoiva zijaribiwe kwanza. Lowesha kipande cha uzi, kibane kati ya kitambaa cheupe kwa dakika kumi. Kitambaa kikipata rangi, osha uzi wote mpaka maji yawe safi ndipo uuchanganye na mweupe.

Kulabu ya sikio inaunganishwa kwa kipete cha waya. Chagua chenye uwazi wa milimita 6, ukipitishe kati ya mishono miwili ya juu kizunguke chuma cha pete chenyewe. Hapo uzito unabebwa na chuma kwa chuma. Ukikitundika kwenye kitanzi cha uzi peke yake, kitanzi kinavutika na kuwa kirefu, na mishono ya jirani inabanwa. Kwenye ua lisilo na pete, pitisha kipete chini ya nyuzi zote mbili za kichwa cha mshono, tena ukiwa umeuzungushia uzi wa ziada mara tatu kwa sindano ya mkono.

Kipete kinafunguliwa kwa koleo mbili, ncha moja ikisogezwa kuelekea kwako na nyingine mbali nawe. Ukizitanua kushoto na kulia, duara linaharibika na pengo halifungi tena, na uzi hupenya kwenye pengo jembamba kama unywele. Pia kila kipete unachoongeza kinaizungusha hereni robo duara. Ishike kulabu kama inavyokaa sikioni kabla ya kubana. Hereni ikitazama bega badala ya mbele, ongeza kipete kimoja au ondoa kimoja.

Kuhusu kulabu zenyewe sina mjadala: zisiwe na nikeli. Ndiyo madini yanayowasha na kuvimbisha masikio ya watu wengi, na kulabu za bei rahisi zilizopakwa rangi ya dhahabu huificha chini ya rangi ile mpaka itakapochubuka. Titani ni salama zaidi.

Ukitaka hereni ya duara tupu la uzi, kanuni ni fupi. Anza na mishono mifupi 6, kisha ongeza 6 kila mzunguko: 12, 18, 24. Duara likijikunja kama kikombe, ongezeko ni dogo. Likipata mawimbi, limezidi. Kwa mishono mirefu, namba ni 12 badala ya 6.

Kwa kidani, usitundike pambo kwenye mnyororo wa kawaida wa kroshia. Unarefuka kwa uzito. Kamba ya Kiromania inashika. Fuma minyororo 2, weka mshono mfupi kwenye mnyororo wa kwanza. Geuza kazi, choma kitanzi kilicho ubavuni, weka mshono mfupi. Kuanzia hapo, kila ukigeuza, ubavuni utaona nyuzi mbili zilizolala sambamba: choma chini ya zote mbili, mshono mfupi mmoja, geuza. Geuza upande ule ule daima, au kamba itakuwa na fundo katikati. Ikifika sentimita 45, itundike na pambo lake usiku mmoja ndipo upime tena na kufunga vishikizo.

Shanga huingizwa kwenye uzi zote kabla ya kuanza kufuma, na sampuli ndiyo inayokupa hesabu: fuma sentimita 3, hesabu zilizotumika, gawanya kwa 3, zidisha kwa urefu wa bangili kwa sentimita, ongeza kumi. Ukigundua ushanga wa rangi isiyo yake katikati, usikate uzi. Ingiza sindano nene kwenye tundu la ushanga iulinde uzi, funika kwa kitambaa, uvunje kwa koleo. Macho yawe na miwani.

Gundi nyeupe ya kawaida hulainika ikilowa. Hereni ikichafuka, ioshe kwa maji baridi na sabuni kidogo, na uhesabu kwamba utaigundisha upya na kuipigilia pini kama mwanzo. Toa kulabu kwanza.