Tiketi za Maskati, tetekuwanga na karatasi ya daktari

Mimi kazi yangu kukata tiketi. Ofisi yetu ipo Mlandege, Unguja, ghorofani, chini yake duka la vitambaa, na wateja wetu wengi ni familia zinazokwenda Omani au Dubai kuona ndugu. Swali la mwanzo huwa bei. La pili kilo. Hapo kwenye kilo ndipo mjadala unaponoga, maana kuna muhogo, embe, samaki wa kukaanga na pilipili za wifi, na wakati wa kurudi kuna mablanketi. Mtu atakaa nusu saa akilipigania begi la pili, nyuma yake kasimama na watoto wanne, mmoja pua inamchuruzika, na haniulizi hata mara moja: je, huyu akiumwa?

Basi nauliza mimi. Wengine hawapendi. Bi mkubwa mmoja aliniambia, "Mwanangu, usitutabirie mabaya." Nikamwambia sitabiri, nimezaa. Watoto watatu wadogo nyumba moja, msimu wa masika, wote wanasoma skuli na chuoni: uwezekano wa wote kuwa wazima siku ileile tuliyoichagua miezi kabla, kwa sababu bei ilikuwa nzuri, ni mdogo kuliko tunavyojipa moyo.

Msimamo wangu, na nimeushika kwa kuona ya watu na yangu, ni kwamba kwa familia yenye watoto wadogo namna tiketi ilivyokatwa huokoa pesa nyingi kuliko bima. Na bima yenyewe hailipi maradhi. Hulipa karatasi.

Yangu ni haya. Tulikuwa tunakwenda Maskati, harusi ya mtoto wa wifi yangu. Safari imebaki siku chache, mabegi yameshapimwa kwa ile mizani ya kuning'iniza. Namvua fulana mwanangu wa kati nimwogeshe, naona kifuani vipele viwili vitatu, vyekundu, kimoja kina maji juu kama tone la umande. Nikamgeuza. Mgongoni vingi zaidi, na kichwani ndani ya nywele. Mwenye kuijua tetekuwanga haulizi mara mbili.

Bibi yao alikuja na majani ya mwarobaini ya kumwogeshea, na rai. "Mvishe kanzu yake ya mikono mirefu na kofia. Nani atamfunua?" Alisema kwa huruma, kwa sababu harusi ile na yeye alikuwa anaingoja. Jirani akaleta aspirini ya kushusha homa, nikaipokea kwa heshima nikaiweka juu ya kabati, maana mtoto mwenye tetekuwanga hapewi aspirini. Panadol ya maji inatosha.

Kwenye rai ya kanzu nilikataa, na naeleza kwa nini kwa sababu najua wangapi huikubali. Tetekuwanga huambukiza tangu siku moja au mbili kabla ya vipele kutoka mpaka kipele cha mwisho kikauke na kufanya gaga. Ndani ya ndege kuna mama mjamzito, kuna kichanga, kuna mtu anatoka kwenye matibabu ya saratani, na kwa hao si maradhi ya kuchekea. Hiyo ni haki ya watu. Halafu kuna hesabu ya dunia: shirika la ndege lina haki ya kumkataa abiria anayeonekana ana maradhi ya kuambukiza, na likimkataa mtoto linawakataa na waliomshika mkono. Kukataliwa hapa uwanja wa ndege wa Kisauni, unapanda gari unarudi kwako. Kukataliwa katikati ya safari, kwenye transiti, na watoto watatu na viza ya nchi nyengine, hilo sitaki kulijaribu.

Tulichofanya ni kuigawa bukingi. Ningependa kila mama alijue neno hili. Ukikata tiketi za familia kwa pamoja, wote mnakaa chini ya namba moja ya bukingi, ile yenye herufi na tarakimu 6. Ni vizuri, mnakaa pamoja. Lakini ukienda kwenye simu yako ukabonyeza kughairi, unaweza kuwaghairi wote, pamoja na baba watoto aliyekwishachukua likizo. Inabidi kwanza wakala au shirika liitoe sehemu ya watu wanaobaki, iwe na namba yake, ndipo ibadilishwe tarehe. Mume wangu na mkubwa wetu walishapata tetekuwanga zamani, daktari akaridhika, wakasafiri. Mimi nilibaki na mgonjwa na mdogo. Mdogo alikuwa bado wa mapajani, hana kiti chake, na tiketi ya mtoto wa mapajani hufungwa na mtu mzima mmoja maalumu. Mimi humfunga kwa anayenyonyesha siku zote. Angekuwa amefungwa kwa baba yake, tungekuwa na kazi nyengine ya usiku.

(Mdogo naye alitoka vipele baadaye, bila shaka. Huchukua siku 10 mpaka 21 tangu kuambukizwa. Ndiyo maana tarehe mpya sikuichukua ya karibu, ingawa wifi alikuwa ananisukuma.)

Jambo la pili ni kutoa taarifa kabla ndege haijaondoka. Si baada. Ukikaa kimya ndege ikaruka, wewe ni mtu ambaye hakutokea, na kwa mashirika mengi kipande cha kwanza cha safari kikipotea hivyo na vilivyobaki vyote vinafutwa, pamoja na cha kurudi. Watu hudhani watamkuta mwenzao mbele na kurudi kwa tiketi ileile. Haipo. Na hata tiketi isiyorejeshwa pesa, kodi za viwanja vya ndege ambazo hukuzitumia mara nyingi hurejeshwa, ila hakuna atakayekupigia simu kukuletea. Uombe.

Na huyo wa mapajani, kama anakaribia miaka 2, angalieni tarehe ya kurudi. Chini ya miaka 2 hulipa kidogo, kwa safari nyingi za nje kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza 2 huko huko, kurudi lazima awe na kiti chake. Mkisogeza safari kwa sababu ya maradhi, mnaweza kuvuka siku hiyo ya kuzaliwa bila ya kuitambua. Mimi nimewaona waliovuka kwa wiki moja.

Sasa bima. Kuna ile ya kutia tiki kwenye ukurasa wa kulipia, rahisi, na watu huitia wakidhani wamemaliza. Isomeni. Nyengine huanza kazi siku unayoondoka: itakutibu ukiumwa huko, lakini mtoto akiumwa kabla hujatoka mlangoni haikujui. Ndivyo zilivyo nyingi wanazonunua watu kwa ajili ya viza. Ya Schengen, kwa mfano, ubalozi unataka iwe na kinga ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na mtu hununua ya bei ya chini kabisa inayofikia hapo. Viza anapata. Safari ikivunjika, hapati kitu. Unayoitaka wewe ni yenye kipengele cha kuvunjika safari kwa maradhi ya msafiri au jamaa wa karibu, na uinunue siku ileile unayokata tiketi. Ukingoja mtoto aanze kukohoa ndiyo ukimbilie bima, kile kikohozi si chao.

Kuna wanaoikwepa bima kwa ajili ya dini, na siwacheki. Siku hizi takafuli, bima ya Kiislamu, ipo, muulizieni mnayemwamini kama ina cha safari. Wengine huniambia wana kadi ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar. Kadi hiyo ni ya kutibiwa, haina habari na tiketi iliyopotea.

Yangu ilikuwa nzuri, ina kipengele, nimeinunua mapema. Nikajaza madai, nikapeleka karatasi ya kituo cha afya tulichokwenda usiku ule. Ikarudi. Karatasi yenyewe ilikuwa kipande cha daftari kilichopigwa muhuri, kimeandikwa dawa, kimeandikwa "anaumwa, apumzike", na jina la mgonjwa: Babu. Mwanangu ana jina la babu yake mzaa baba, nyumbani hakuna anayethubutu kulitaja kavukavu, kwa hiyo anaitwa Babu. Nesi alimsikia bibi yake anavyomwita akaandika alichosikia. Na kampuni ya bima wakaniandikia kwa adabu kabisa, wakitaka cheti cha kifo au cha kulazwa cha huyo mzee, na maelezo ya uhusiano wake na wasafiri.

Tulicheka, lakini pesa ziliganda. Ilibidi nirudi kituoni, kwa bahati daktari alikuwepo na daftari lao lilikuwa na tarehe. Karatasi ya pili ndiyo iliyofaa, nayo ilikuwa na haya: jina kamili kama la pasipoti na tarehe ya kuzaliwa, maradhi kwa jina lake, siku aliyoonwa, ambayo ni kabla ya siku ya safari, na sentensi iliyo wazi kwamba hafai kusafiri kwa ndege mpaka tarehe fulani. Jina la daktari, namba yake ya usajili, muhuri unaosomeka. Nikaambatisha na risiti za dawa na ile barua ya shirika inayoonyesha nimetoa taarifa kabla ya ndege kuruka. Wakalipa gharama za kubadilisha za sisi watatu, wakakata ile sehemu ya mwanzo ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe, ambayo nayo ilikuwa imeandikwa, kwa herufi za chungu.

Ile sentensi ya "hafai kusafiri kwa ndege" iombeni kwa mdomo, msione haya. Madaktari wetu wamezoea kuandika vyeti vya skuli na vya kazini, hawajui bima inatafuta nini.

Kwa wenye watoto wa pumu au selimundu, nasema kwa mkazo: yaandikeni maradhi hayo kwenye fomu ya bima tangu mwanzo. Ndiyo, bei hupanda kidogo, au wanakataa mkatafute kwengine. Lakini ukinyamaza, siku mtoto akilazwa huko wataomba faili lake, watakuta amewahi kulazwa Mnazi Mmoja kwa maradhi yaleyale, na mkataba umekwisha. Wa selimundu pia amuone daktari wake kabla ya kukata tiketi, si baada. Hewa ya ndani ya ndege ikiwa angani ni kama ya mlimani, mita 1,800 mpaka 2,400 juu ya bahari, oksijeni ni ndogo, na kwa damu yake hilo ni jambo. Maji mengi njia nzima.

Wageni wetu wanaokuja ni hesabu nyengine. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar lazima awe na bima ya Shirika la Bima Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, inakaa siku 92, na watoto wa miaka 3 hadi 17 hulipa nusu. Jamaa zetu wa London na Maskati wenye pasi za kigeni hulalamika, "Mimi mtoto wa Malindi nalipishwa kuingia kwetu!" Lipeni tu. Ila msidhani imewakinga na kila kitu, kwa sababu hiyo ni ya kukaa hapa. Mtoto akishikwa na homa London kabla hamjatoka, hiyo ni kazi ya bima nyengine, ya huko kwenu.

Kwa Pemba au Dar sinunui bima hata siku moja, na simshauri mtu. Ila mtu wa Pemba mwenye ndege ya nje, aje Mjini Unguja jana yake. Boti ikichelewa au bahari ikichafuka, shirika la ndege halihusiki na tiketi yako ya boti, na mtoto aliyetapika tangu bandari ya Mkoani anahitaji usiku mmoja wa kulala kitandani kabla ya ndege ya saa nyingi.

Ndani ya ndege ni machache. Dawa zote mkononi, kwenye pakiti zake, na karatasi ya daktari. Dawa ya maji na maziwa ya mtoto huruhusiwa kupita ile mililita 100, lakini uzitaje mwenyewe kwenye ukaguzi. Dawa za maumivu au kikohozi zenye kodini usizichukue kwenda Ghuba bila ya kuuliza. Ndege ikianza kushuka, mwamsheni mtoto anyonye au ameze kitu, masikio yafunguke. Mwenye masikio yanayouma aonwe kwanza. Na mkishafika, homa ikimpata ndani ya wiki zile za mwanzo, mwambieni daktari wa huko mmetoka Afrika Mashariki, ampime na malaria, khasa kama mlipitia bara. Yeye atawaza mafua tu, kwa sababu hapo ndipo alipo.